Harusi Iliyosubiri Cheti cha Kifo

Mama Vifungo alikuwa mshonaji. Sebule ya nyumba yake ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani ilikaa karibu na dirisha ipate mwanga. Vitambaa vya wateja vilikunjwa kwenye rafu, kila kimoja kimebanwa kwa pini na karatasi ya vipimo. Vifungo vilikuwa kila mahali: kwenye makopo, kwenye sahani, na siku moja hata kwenye kopo la sukari. Ndiyo maana watu walimpa jina hilo, naye hakulikataa.

Aliishi na mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Mwana wa Bibi ndiye aliyekuwa mume wa Mama Vifungo. Alikuwa dereva wa lori, mtaani wakimwita Dereva tu, na alifariki miaka tisa iliyopita. Baada ya mazishi, ndugu walimuuliza Bibi atahamia kwa nani.

"Nihame niende wapi?" Bibi alijibu. "Mkwe wangu si yuko hapa?"

Mjadala ukaishia hapo.

Asubuhi moja Mama Vifungo alikuwa akishona gauni la samawati. Halikuwa la mteja. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Punguza kiunoni," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Nikipunguza nitashindwa kupumua, Mama."

"Bibi harusi hapumui. Anameremeta."

Wote wawili walicheka. Naam, Mama Vifungo alikuwa anaolewa tena, na mchumba wake alikuwa fundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara. Watu walimwita Kengele. Kwa muda wa mwaka mzima mfuko wa suruali ya Kengele ulichanika kila wiki, na kila wiki aliuleta ushonwe. Bibi ndiye aliyeshtukia mapema kwamba alikuwa akiuchana mwenyewe.

"Mwanaume," Bibi alimwambia siku moja, "nguo zako zitaisha. Sema unalotaka kusema."

Kengele akasema. Mama Vifungo akakubali. Harusi ikapangwa ifanyike baada ya wiki tano, kwa sababu binti wa Mama Vifungo, muuguzi aliyefanya kazi mbali, alikuwa amepewa likizo wakati huo. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Bila yeye, Mama Vifungo alisema, hakuna harusi.

Siku ile ile ya kushona gauni, wachumba walikwenda ofisi ya ndoa. Karani aliwakaribisha vizuri, akaanza kujaza fomu.

"Mama, umewahi kuolewa?"

"Ndiyo. Mume wangu alifariki. Mimi ni mjane."

"Pole sana. Naomba cheti chake cha kifo."

Mama Vifungo alikuwa amejiandaa. Alitoa kwenye mkoba karatasi iliyotiwa plastiki, safi, bila hata mkunjo. Aliitunza kama mboni ya jicho. Karani aliisoma, akairudisha mezani polepole.

"Mama, hiki ni kibali cha mazishi."

"Si ni hicho hicho?"

"Hapana. Hiki kiliwaruhusu kuzika tu. Cheti cha kifo ni karatasi nyingine. Kinaonyesha kwamba kifo kimeandikwa kwenye daftari la serikali. Mjane akitaka kuolewa, tunakihitaji."

"Lakini mji mzima unajua kwamba mimi ni mjane! Toka nje uulize yeyote!"

"Mji unajua, mama," karani alisema kwa upole. "Daftari langu halijui. Kwenye karatasi, wewe bado ni mke wa mtu."

Kengele aliivuta ile karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Msife moyo," karani aliendelea. "Tangazo la ndoa linakaa ukutani siku ishirini na moja. Harusi yenu ni baada ya wiki tano. Kwa hiyo mna wiki mbili za kuleta cheti. Nendeni ofisi ya usajili wa vizazi na vifo."

Nyumbani, Bibi aliposikia habari hiyo, alishika kiuno.

"Kwa hiyo serikalini mwanangu yu hai? Basi mwambieni aje aniezekee paa. Linavuja."

Alisema hivyo akicheka, lakini baadaye aliingia chumbani peke yake.

Kesho yake Mama Vifungo na Kengele walikwenda ofisi ya usajili ya wilaya yao. Walipanga foleni tangu asubuhi. Walipofika dirishani, karani wa hapo aliuliza jina la marehemu na tarehe ya kifo.

"Tarehe mbili, mwezi wa tisa," Mama Vifungo alijibu bila kufikiri. Ndiyo tarehe waliyomkumbuka nayo kila mwaka.

Karani alitafuta kwenye kompyuta. Akaenda kutafuta kwenye daftari. Akarudi akitikisa kichwa.

"Hayumo."

"Hayumo vipi? Amezikwa hapa hapa. Kaburi lake nalifyekea nyasi mwenyewe."

"Sikatai, mama. Lakini hapa hajaandikwa. Anayefuata!"

Mama Vifungo na Kengele walitoka nje. Langoni, mwanaume mwenye bahasha kubwa kwapani aliwasogelea.

"Mnatafuta cheti? Nipeni jina tu. Leo leo jioni mnacho, na mhuri juu."

Kengele alisimama. Aligeuka kumtazama mchumba wake, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Usinitazame hivyo," Mama Vifungo alimwambia. "Niolewe kwa karatasi ya uongo? Siku ikijulikana, ndoa yetu itakuwa nini? Na mimi nitakuwa nani, mke wako au mfungwa?"

"Nilikuwa nasikiliza tu."

"Sikiliza ukitembea!"

Akamshika mkono wa shati, wakaondoka. Yule dalali wa vyeti akatafuta wengine wa kuwaingiza mjini.

Jioni jirani yao alipita kuleta sare yake ya kazi, kola imefumuka. Jirani huyo alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti hospitalini. Watu walimwita Baridi, kwa sababu alivaa sweta hata mchana wa jua kali. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na ubaridi wowote. Kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu.

"Kulikoni? Nyumba ya harusi imenuna hivi?"

Mama Vifungo alimweleza kila kitu. Baridi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Dereva alifia wapi?"

"Njiani. Aliugua akiwa safarini, wakamkimbiza hospitali ya ule mji wa njia panda. Akafia huko. Sisi tulimfuata, tukamleta kumzika hapa."

"Basi mmechimba kisima pasipo na maji," Baridi alisema. "Jirani, kifo huandikwa pale kilipotokea. Si alipozaliwa mtu, wala alipozikwa. Dereva alifia njia panda, daftari lake liko njia panda. Hapa mngetafuta mpaka ndevu za Kengele zifike magotini."

"Sina ndevu," Kengele alisema.

"Ndiyo maana nasema mngekaa sana."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mama Vifungo hakucheka bado.

"Na huko tutajuaje kama aliandikwa?"

Baridi alivuta kiti. Hapo ndipo alipoacha utani.

"Sikiliza. Mtu akifia hospitali, daktari anaandika taarifa ya kifo. Jina, umri, tarehe, na sababu ya kifo. Taarifa hiyo inapelekwa ofisi ya usajili ya pale, nao wanaiandika kwenye daftari. Nyinyi ndugu mnapewa kibali cha mazishi. Wengi wakishapata kibali wanadhani kazi imekwisha. Wanazika, wanarudi nyumbani. Cheti hakimfuati mtu nyumbani, jirani. Cheti huombwa."

"Hakuna aliyetuambia."

"Siku ile nani alikuwa na masikio? Mlikuwa na msiba." Baridi alimgeukia Mama Vifungo. "Walikupa pia kipande kidogo cha karatasi, kimechanwa kutoka kwenye kitabu? Kina namba juu?"

Mama Vifungo aliweka mkono mdomoni.

Tangu ujana wake alikuwa na mazoea ambayo hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Karatasi za maana hakuziweka sandukuni. Alizishonea ndani ya bitana ya koti. "Mwizi anabeba sanduku," alikuwa akisema, "nani ataiba koti kuukuu?" Kibali cha mazishi alikitia plastiki kwa sababu kilikuwa kikubwa na kina mhuri. Vile vikaratasi vingine vya hospitali alivishonea ndani ya koti la Dereva, akavisahau.

Alileta koti. Alichukua wembe, akakata nyuzi moja moja kwa mkono wa mtu aliyezishona mwenyewe. Bitana ikafunguka. Ikatoka kadi ya kliniki ya binti yake. Ikatoka hati ya kiwanja. Ikatoka barua ambayo Dereva alimwandikia wakiwa wachumba. Mama Vifungo aliificha barua hiyo haraka, na Kengele akajifanya anatazama dari.

Mwisho kikatoka kipande kidogo cha karatasi, kimekunjwa mara nne.

Baridi alikisoma kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki hapa! Namba ya taarifa. Jina la hospitali. Na tarehe: thelathini, mwezi wa nane."

"Si kweli," Bibi alisema. "Ni tarehe mbili, mwezi wa tisa."

"Bibi, tarehe mbili ilikuwa siku gani?"

"Jumapili. Tulizika Jumapili."

"Na alifariki lini?"

Bibi aliinua mkono. Alianza kuhesabu kwa vidole. "Alhamisi," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Alifariki Alhamisi. Ijumaa tulisafiri. Jumamosi tukamleta. Miaka tisa yote namkumbuka kwa siku ya mazishi."

"Wengi hufanya hivyo," Baridi alisema. "Lakini daftari linafuata siku ya kifo. Mngefika njia panda na kutaja mwezi wa tisa, wangetafuta mwezi ambao hayumo."

Kisha akawaambia wachukue vitu gani: kile kipande cha karatasi, kibali cha mazishi, kitambulisho cha Mama Vifungo, na cheti chake cha ndoa ya kwanza, kuonyesha kwamba yeye ni mke wa marehemu. Pia akamwambia aandike jina lote la marehemu kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho chake, si lile la barabarani.

"Na mzee wangu, baba yake Dereva, je?" Bibi aliuliza ghafla. "Yeye alifia kitandani kwake. Hapakuwa na daktari wala kitabu."

"Hata yeye anaandikwa, Bibi. Anayefia nyumbani, ndugu wanatoa taarifa kwa kiongozi wa mtaa. Kiongozi anaandika barua, nyinyi mnaipeleka ofisi ya usajili. Muda ukiwa umepita sana, maswali yanakuwa mengi na mashahidi wanahitajika. Lakini mlango haufungwi. Ila muulize kwanza pale ofisini, maana kila mahali wana utaratibu wao."

"Nitauliza," Bibi alisema. "Na safari hii nakwenda."

"Mama, ni mwendo wa saa nne kwenye basi."

"Nilimzaa kwa saa kumi na tisa. Saa nne ni kitu?"

Jumatatu asubuhi wanawake hao wawili walipanda basi. Bibi alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, kana kwamba anakwenda kumtembelea mtu.

Ofisi ya njia panda ilikuwa ndogo, imepakwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta. Karani alikuwa msichana mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Aliwapa fomu, na Mama Vifungo alipokwama mahali, alimwelekeza kwa kidole. Jina kamili la marehemu. Jinsia. Umri. Tarehe ya kifo. Mahali pa kifo. Jina la anayeomba, na uhusiano wake na marehemu.

"Vyeti vingapi?"

"Kuna vingapi? Si kimoja?"

"Unaweza kuomba zaidi ya kimoja. Kile halisi unakitunza. Ofisi nyingine zikikuomba, unapeleka nakala."

Mama Vifungo aliomba viwili. Alilipa ada dirishani, akapewa risiti. Karani alichukua kile kipande cha karatasi akaingia chumba cha nyuma, kwenye rafu za madaftari.

Walingoja. Mama Vifungo alihesabu vifungo vya sweta lake. Akavihesabu tena. Akawaza: na kama hayumo hata hapa? Atamwambia nini binti yake? Atamwambia nini Kengele?

Karani alirudi akiwa amebeba daftari kubwa kwa mikono miwili. Akaliweka mezani, akaligeuza upande wao.

"Huyu hapa."

Jina la Dereva lilikuwa limeandikwa kwa wino wa buluu. Jina lake lote, majina matatu. Kulikuwa na umri wake, kazi yake, na siku ile ya Alhamisi.

Bibi hakujua kusoma sana. Lakini jina la mwanawe alilijua. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ukurasa.

"Amepangwa mstari wa katikati," alisema. "Na mwandiko mzuri. Aliyeandika hakuwa na haraka."

"Hakuwa na haraka, Bibi," karani alisema.

"Mimi nilidhani wamemtupa tu. Kumbe walimwandika siku ile ile." Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akatabasamu. "Mwandikaji alikuwa nani? Nimletee zawadi."

"Amestaafu, Bibi."

"Basi kula wewe." Akatoa machungwa mawili kwenye mfuko, akayaweka mezani kabla karani hajakataa. Halafu akaanza kuuliza habari za mzee wake, na foleni ya nyuma ikabidi ivumilie.

Kabla hawajaondoka, karani alimwonyesha Mama Vifungo rasimu ya cheti. "Soma kila herufi. Kosa likionekana sasa, tunalirekebisha leo. Likionekana ukiwa nyumbani, ni safari nyingine."

Mama Vifungo alisoma kila herufi, kama anavyokagua mshono kabla mteja hajaja. Hapakuwa na kosa. Msajili alikuwa safarini, kwa hiyo vyeti vingesainiwa Ijumaa. Karani alisema Mama Vifungo angeweza kumtuma mtu mwingine kuvichukua, akiwa na barua ya idhini, nakala ya kitambulisho chake na ile risiti.

Ijumaa Mama Vifungo alikuwa na sare za shule hamsini za kumaliza. Basi nani angekwenda?

"Nitakwenda mimi," Kengele alisema.

Bibi alimtazama kuanzia kiatu hadi kichwa. "Wewe? Ukachukue cheti cha kifo cha mume wa mkeo mtarajiwa?"

"Kuna anayekihitaji kuliko mimi?"

Bibi alicheka hadi Baridi akachungulia kutoka kwake kuona kuna nini.

Kengele aliondoka na basi la alfajiri. Alirudi saa kumi jioni, mvua inanyesha, yeye amelowa chapachapa. Alifungua vifungo vya shati. Kifuani alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake vyeti viwili vikavu kabisa.

"Walikuuliza nini?" Mama Vifungo alisema.

"Waliniuliza, wewe ni nani kwa marehemu."

"Ukajibu?"

"Nikasema, mimi ndiye ninayefuata kwenye foleni. Yule dada mwenye kalamu alicheka mpaka moja ikaanguka."

Mama Vifungo naye akacheka. Kisha akamfunga taulo kichwani na kumkausha nywele, Bibi akiwa anatazama na hakusema neno. Kwa Bibi, hiyo ilikuwa baraka.

Jumatatu iliyofuata, siku kumi na tatu tangu safari yao ya kwanza, waliweka cheti kwenye meza ya karani wa ndoa. Alikisoma, akachukua namba, akamrudishia Mama Vifungo kile halisi na kubaki na nakala. "Sasa daftari langu linajua," alisema. Mchana huo huo tangazo lilipigwa pini ukutani.

Bibi hakutulia. Alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Baba yenu mlimwandikisha? Mna cheti, au mna kibali tu?" Wengine walitoa vibali vyao wakidhani ni vyeti. Bibi aliwaketisha na kuwaeleza kama Baridi alivyomweleza, isipokuwa yeye alitia chumvi kidogo. Wiki ya tatu, kiongozi wa mtaa alimwandikia barua ya mzee wake, na wazee wawili waliokuwepo siku ile wakakubali kuwa mashahidi.

Siku ya harusi ofisi ya ndoa ilijaa. Binti alifika na begi lake moja kwa moja kutoka kituoni. Gauni la samawati lilikuwa limepunguzwa kiunoni, na bibi harusi alipumua bila shida. Baridi alivaa suti, na juu ya suti akavaa sweta.

Wachumba walitia saini. Karani akauliza shahidi wa bibi harusi ni nani. Bibi alisimama.

"Uhusiano wako na bibi harusi?" karani aliuliza, kalamu tayari.

"Andika mama."

Karani alisita. Alikumbuka kile cheti, akakumbuka habari za Bibi alizosimuliwa na wachumba. "Bibi, nilidhani wewe ni mama wa marehemu. Yaani mama mkwe wa..."

"Kijana," Bibi alisema, "kwenye daftari la njia panda mimi ni mama wa yule. Wamemwandika vizuri, nimeona kwa macho yangu. Kwenye daftari lako mimi ni mama wa huyu. Andika."

Karani akamtazama Mama Vifungo.

"Andika," Mama Vifungo alisema, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

Karani akaandika. Na hakuwa na haraka.